Watafiti, Vyuo na Shamba Lako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, kwenye mabanda ya Nane Nane pale Ngongo, na mengine barazani jioni watu wakisubiri bei ya mnada. Niliwahi kufanya kazi ya kuhoji wakulima kwa niaba ya watafiti, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za dodoso. Swali lililoulizwa kwa ukali nimelilainisha kidogo. Jibu sikulilainisha.

Hawa wanaokuja na daftari na mifuko ya udongo ni wa serikali au wa chuo?

Mara nyingi ni wa pande zote mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Gari linaweza kuwa la taasisi ya serikali, kijana anayepima mti akawa mwanafunzi wa chuo kikuu, na fedha ya mafuta ikawa imetoka nchi ya nje. Wote watatu wako kwenye mradi mmoja.

Kwa upande wa serikali mwenye jukumu ni Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Makao makuu yake ni Makutupora, Dodoma. Kwetu kusini kituo chake ni Naliendele, na kina kituo kidogo Nachingwea. Kwa upande wa vyuo, jina utakalolisikia zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, cha Morogoro, kilichoanzishwa 1984. Kuna pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Hiyo inaratibu utafiti nchini na kutoa vibali, hasa kwa watafiti wageni.

Naliendele chenyewe si chuo. Ni kituo cha utafiti kilichoanza 1970, na kinashughulikia korosho, ufuta, karanga, njugu mawe, mihogo na mazao mengine ya kanda. Jirani yake kuna chuo cha kilimo cha wizara, MATI Mtwara, kinachofundisha mabwana shamba na mabibi shamba. Wengi husema "nimetoka Naliendele" bila kufafanua wametoka wapi kati ya hivyo viwili. Ukiambiwa hivyo, uliza.

Kwa nini serikali isifanye yenyewe, ikaachana na vyuo?

Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Kituo cha serikali kina mashamba ya majaribio, kina miti ya miaka thelathini ambayo kumbukumbu zake zimeandikwa, kina watu wanaoijua Newala na Liwale kwa miguu. Mwanafunzi wa uzamivu hawezi kuja na mikorosho ya miaka thelathini kwenye begi. Chuo nacho kina maabara, kina mabingwa wa takwimu na wa magonjwa ya mimea, na kina vijana wanaohitaji kuandika tasnifu na wako tayari kuhesabu wadudu tawi kwa tawi kuanzia alfajiri. Hata watafiti wengi wa Naliendele shahada zao za juu walizipata SUA au ng'ambo, kwa hiyo mpaka kati ya pande hizi ni mwembamba kuliko unavyoonekana.

Wazo lenyewe si la kwetu peke yetu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1887 ya kuzipa fedha za serikali kuu stesheni za majaribio ya kilimo zilizoshikizwa kwenye vyuo vya majimbo. Kule stesheni ilikaa ndani ya chuo. Sisi tuliziacha stesheni wizarani na chuo kikakaa kando, halafu ikabidi tuziunganishe kwa miradi. Ndiyo maana kwetu kila ushirikiano una jina la mradi, una nembo kwenye fulana, na una tarehe ya kwisha.

Nionyesheni kitu kimoja tu ambacho utafiti umemfanyia mkulima wa korosho.

Hili huulizwa kila mwaka, na aghalabu muulizaji ni kijana. Wazee hawaulizi, kwa sababu wanakumbuka.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu hazikuwa moja. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, pori likaota chini ya miti. Bei aliyopewa mkulima haikumpa moyo wa kupalilia. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokaa kwenye majani machanga na maua kama unga uliomwagika. Ua likipata ubwiriunga halibebi. Mti unasimama mzima, wa kijani, unapendeza kwa macho, na chini yake huokoti kitu.

Watafiti wa Naliendele, wakisaidiana na wenzao wa Uingereza waliogharamiwa na serikali ya nchi yao, walijaribu dawa mbalimbali kwa miaka. Kilichofaa kilikuwa unga wa salfa, uliopulizwa kwa mashine alfajiri kabla upepo haujaamka, kuanzia maua yanapochomoza, na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Leo mtoto wa Tandahimba anajua hilo kabla hajajua kusoma, kana kwamba tulizaliwa nalo. Hatukuzaliwa nalo. Kuna watu walikaa wakihesabu mashada ya maua yaliyougua na yasiyougua, mti kwa mti, mpaka wakajua siku ya kuanza.

Baada ya hapo zikaja dawa za maji, na miche bora ya kubebesha iliyotokana na miti mama iliyochaguliwa. Ukisikia mtu anataja AC4, huo ni mmoja wa mikorosho iliyochaguliwa Naliendele. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000. Sitasema zote ni kazi ya watafiti. Bei ilipanda, watu wakapanda miti mipya, na pembejeo za ruzuku zikafika. Lakini bila kuushika ubwiriunga, bei nzuri ingekuta miti haina kitu.

Nasikia salfa inaharibu udongo. Watafiti wanalijua hilo au wanatuficha?

Wanalijua, na waliliandika. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanywa huku kusini kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza, uliopima salfa inafanya nini kwenye udongo chini ya mikorosho. Ulikuta kwamba unga unaodondoka chini unaongeza tindikali, na udongo wa kichanga kama wetu hauna nguvu ya kuhimili.

Hapa ndipo ninapowalaumu wataalamu, na nawaambia hivyo hivyo nikikutana nao. Tangazo la "puliza salfa" lilifika kila kitongoji. Tangazo la "pima udongo wako kila baada ya miaka kadhaa" halikupata gari la kulipeleka. Kama umepuliza salfa miaka ishirini na kunde au mahindi unayopanda katikati ya mikorosho yamedumaa, usikimbilie kusema umerogwa. Mwambie afisa ugani unataka kupimiwa tindikali ya udongo. Ni kipimo cha kawaida.

Majimoto kwenye mkorosho: niwaue au niwaache?

Waache, kama unaweza kuvumilia kung'atwa.

Huu ni mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mdudu ni wetu na jina ni letu. Mradi mmoja uliwaunganisha watafiti wa Naliendele na SUA, Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark, na chuo kikuu cha Benin cha Abomey-Calavi, kwa fedha za serikali ya Denmark kupitia DANIDA, mkono wake wa misaada. Swali lao lilikuwa hili: je, majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanaweza kulinda mikorosho na miembe dhidi ya mbu wa mikorosho na kunguni wanaofyonza korosho changa? Jibu lililotoka kwenye majaribio ya Tanzania ni kwamba miti yenye majimoto wa kutosha ilipata madhara machache kuliko miti isiyo nao, na ilikaribiana na ile iliyopulizwa dawa ya wadudu.

Kuna masharti. Majimoto hawakai pale palipotawaliwa na wale sisimizi wadogo wa ardhini wanaowashambulia. Wanahitaji njia, kwa hiyo wakulima huunganisha mti na mti kwa kamba ili koloni moja ilinde miti kadhaa. Na ukipuliza dawa ya wadudu kwa mazoea, unawaua askari wako mwenyewe.

Malalamiko makubwa ni kung'atwa. Mwenye miembe ana haki ya kulalamika, maana lazima apande mtini kuchuma. Wewe mwenye korosho unaokota chini. Watakusumbua wakati wa kupogoa na wa kupuliza, basi. Mimi nimewahi kuvuliwa shati na majimoto mbele ya mgeni kutoka Morogoro, na bado nasema waache.

Fedha za utafiti zinatoka wapi? Ni zetu au ni za wazungu?

Zinatoka kwenye mifuko mitatu, na mmoja ni wako.

Wa kwanza ni bajeti ya serikali. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, ikapanda hadi bilioni 751 mwaka uliofuata, na bilioni 970 mwaka 2023/24. Sehemu ya fedha hizo inaenda kwenye utafiti, nyingine kwenye mabwawa, mbolea na mengineyo.

Wa pili ni zao lenyewe. Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru, na kwa miaka mingi asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao: pembejeo, miche, na utafiti wa Naliendele. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni ambazo wengi tunazikumbuka. Tangu hapo mgawo umeguswa tena, kwa hiyo usitembee na ile 65 kama Msahafu. Ninachotaka ukumbuke ni kimoja: mtafiti wa korosho anapokuja shambani kwako, kuna uwezekano mkubwa kwamba korosho zako zilishamlipia nauli. Mkaribishe, mpe maji, lakini usimwogope.

Wa tatu ni wafadhili. Hapa mambo yametikisika. Mradi wa iAGRI, kwa mfano, ulianza 2011 kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio pamoja na SUA na Wizara ya Kilimo, na ulisomesha Watanzania wengi shahada za uzamili na uzamivu. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, na miradi mingi ya utafiti wa chakula iliyokuwa chini ya vyuo vya kule ikakatwa katikati. Aliyesomeshwa amebaki na elimu yake, hiyo hainyang'anywi. Lakini jaribio la mbegu lililokatwa msimu wa pili kati ya mitatu ni kama chungu kilichoepuliwa wali haujaiva.

Wazee husema wazungu walishawahi kuja Nachingwea na matrekta wakashindwa. Je, ule ulikuwa utafiti?

Haukuwa, na shida ilianzia hapo hapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 timu ndogo ilizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, ikarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika. Huku walianza Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wiki tisa! Mtu wa hapa akitaka kuoa huchunguza ukoo kwa muda mrefu kuliko huo. Mwaka 1947 wakaanza kung'oa mapori. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu, mibuyu ilivunja mashine, mvua haikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwenda na maji.

Kusini tulibaki na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ipo, na ndiyo inayopakia korosho. Na Nachingwea, baada ya hasara yote hiyo, watu wakaanza kufanya kile kilichopaswa kutangulia: kujaribu karanga na ufuta kwenye vipande vidogo, mwaka baada ya mwaka.

Mbegu mpya za karanga na ufuta zinaitwa majina ya huku kwetu. Ni za kwetu kweli?

Majina ni ya huku, na majaribio yalifanyika huku. Mwaka 2009 zilitolewa aina za karanga zilizopewa majina ya Mangaka, Masasi, Mnanje, Nachingwea na Naliendele. Kabla yake ilikuwepo Pendo, ya 1998, ambayo wengi bado wanaipenda kwa sababu inakomaa mapema. Kwenye ufuta utasikia Lindi 02 na Mtwara 09. Vizazi vya karanga hizo vingi vilitoka ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya mazao ya nchi kame. Watafiti wa Naliendele walizipanda hapa, wakazitupa zilizoshindwa, wakabaki na zilizokubali udongo na mvua zetu. Ni kama mkwe: kazaliwa kwingine, ila kashazoea nyumba.

Wengi huuliza pia kama hizo ni mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Hapana. Ni za kuchagua na kuchavusha kwa njia ya kawaida.

Kwa nini mbegu inachukua miaka kumi mpaka kunifikia?

Kwa sababu inapitia milango mingi. Mtafiti anaanza na mistari mingi, yaani koo tofauti za mbegu, anaichuja misimu kadhaa kituoni, kisha anaipeleka kwenye mashamba ya wakulima sehemu tofauti. Halafu TOSCI, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, inaijaribu yenyewe kuona kama kweli ni aina mpya, kama inafanana punje kwa punje, na kama inashinda zilizopo. Ikipita, inaidhinishwa. Kwa mkorosho ongeza muda wa mti kukua, maana huwezi kuusifu mti kwa mavuno ya mwaka mmoja.

Milango hiyo naielewa. Nisichokielewa ni mlango wa mwisho, wa kutoka kituoni kwenda dukani. Karanga inazaa kidogo kwa kila punje unayopanda, mbegu yake ni nzito kusafirisha, na mkulima anaweza kuirudia mwenyewe mwakani, kwa hiyo makampuni ya mbegu hayana hamu nayo. Njia inayofanya kazi vijijini ni mbegu za kuazimiwa ubora: kikundi kinafundishwa, kinapewa mbegu ya msingi, kinakaguliwa, na kinauza kwa majirani. Kama kijiji chenu hakina kikundi cha namna hiyo, hilo ndilo la kumwomba afisa kilimo wa kata, kabla ya kuomba semina nyingine.

Mihogo yangu majani ni mazuri, nikichimba nakuta imeoza ndani. Chuo gani kinashughulika na hilo?

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kwa mara ya kwanza kisayansi hapa hapa Tanganyika miaka ya 1930, na ukanda wa pwani ndio nyumbani kwake. Unaenezwa na inzi weupe na, zaidi ya yote, na sisi wenyewe tunapopeana pingili.

Miaka ya 1990 watafiti wa Naliendele na wa taasisi ya maliasili iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Greenwich, kwa fedha za serikali ya Uingereza, walizunguka mashamba ya kusini. Kitu kimoja walichokikuta ni kwamba wakulima walikuwa wameshaanza kuchagua. Aina kama Nachinyaya ilikuwa imebaki mashambani kwa sababu mizizi yake ilivumilia, hata kama majani yalionyesha dalili. Hakuna mtaalamu aliyewatuma. Baadaye, majaribio ya kutafuta sehemu ya urithi inayoipa mihogo ukinzani yalipandwa Naliendele na Chambezi kule Bagamoyo, yakitumia aina ya Namikonga inayohimili na Albert inayougua upesi.

Kwa hiyo ukiwa na aina ya muhogo aliyokuachia bibi yako, na haiozi, usiitupe eti imekuja mpya. Waonyeshe watafiti. Hiyo ndiyo wanayoitafuta.

Na sumukuvu kwenye karanga?

Kausha upesi, usirundike karanga mbichi, tenga zilizovunjika na zilizonyauka, wala usizisage hizo mbovu kuwa siagi ya watoto. Kuna pia Aflasafe, kuvu asiye na sumu anayetawanywa shambani ili amzuie yule mwenye sumu. Ni teknolojia iliyotokana na watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani na taasisi ya kimataifa ya IITA, na aina iliyotengenezwa kwa kuvu wa Tanzania ilisajiliwa 2018. Uliza kwa maafisa ugani kama inapatikana kwenu.

Walikuja mwaka juzi, wakachukua udongo, majani na namba za simu. Hawakurudi. Nifanye nini?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nimekuwa "wao". Nilikwenda Kitangari na dodoso la kurasa nyingi kwa niaba ya mradi ambao sitautaja. Bibi mmoja alinipokea, nikamsalimia shikamoo, akanipa kigoda, akajibu maswali kumi hivi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, mwenzio mwaka jana aliniuliza haya haya. Yeye hakuandika?" Sikuwa na jibu. Majibu yake ya mwaka ule yapo mahali, kwenye kompyuta ya mtu, labda kwenye makala ya Kiingereza ambayo hata mtendaji wa kata hawezi kuipata.

Cha kufanya ni kuuliza kabla, si baada. Mtafiti halali hufika na barua: wa nje huwa na kibali cha COSTECH, na mwanafunzi wa chuo cha umma huwa na barua ya chuo chake, iliyopitia mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Nakala inabaki ofisi ya kijiji. Andika jina la mradi na la taasisi. Uliza mambo matatu: matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani, na nani atayaleta. Una haki ya kukataa kujibu, na una haki ya kuacha katikati. Namba yako ya simu na picha yako ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022.

Kama walishaondoka, nenda kwa mtendaji uombe nakala ya barua yao, kisha kijiji kiandike kwa taasisi iliyotajwa. Barua yenye muhuri wa kijiji ina uzito kuliko unavyodhani. Nimeona moja ikimleta mtu hadi kwenye mkutano wa hadhara na karatasi zake mkononi, akitoka jasho, akieleza.

Nikitoa nusu ekari kwa majaribio, nalipwa?

Hakuna bei moja. Kawaida mradi unaleta mbegu au dawa, wewe unatoa ardhi na palizi, na mavuno yanabaki yako baada ya kupimwa. Lakini soma vizuri habari ya kipande linganishi, yaani miti isiyopulizwa kitu ili ilinganishwe na iliyopulizwa. Hicho ndicho kitakachokutia hasara, na bila hicho jaribio halina maana. Kubalianeni mapema kwa maandishi nani anafidia korosho zilizokosekana pale. Akikuambia "tutaona, mzee wangu", mwambie nawe utaona.

Mabibo yanaozea chini kila msimu. Watafiti hawaoni?

Wanaona. Naliendele wanafundisha kutengeneza juisi, jemu na divai ya mabibo, na vikundi vya akina mama vimejifunza. Ugumu ni kwamba bibo likidondoka halivumilii hata siku mbili, na ule ukakasi wake lazima uondolewe. Kiwanda kitakachosubiri gari litoke Liwale kitapokea maji machungu. Kwa hiyo sayansi ya kulisindika ipo. Kinachosumbua ni saa ishirini na nne za kwanza, na hapo wapika uraka, ile pombe ya mabibo, bado wanatushinda wote.

Mwanangu anasoma Morogoro. Anaweza kufanya utafiti wake huku nyumbani?

Anaweza, na ningependa wengi wafanye hivyo. Amwambie msimamizi wake mapema, amwandikie mkurugenzi wa kituo cha Naliendele kuomba kushikizwa kwa mtafiti wa zao husika, asije na mada aliyoitoa hewani. Anayejua Kimakonde au Kimwera atapata majibu ambayo mgeni hapati.

Na kwa walio bado sekondari: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kilimo ndiyo fani iliyolengwa huko. Ikisimama vizuri, safari ya Morogoro haitakuwa lazima kwa kila mtu.

Mti wangu unaumwa leo. Naenda vipi Naliendele, na niende na nini?

Kutoka Mtwara mjini shika barabara ya Newala, ni kama kilomita kumi. Anza kwa afisa ugani wako kama yupo, maana huenda ugonjwa anaujua.

Ukienda mwenyewe, chukua tawi lenye majani yaliyougua sana, yaliyoanza kuugua, na mazima, yote kutoka mti mmoja. Yafunge kwenye gazeti, usiyatie kwenye mfuko wa plastiki, yatachemka na kuoza kabla hujafika. Andika umri wa mti, ulianza kuona dalili lini, na miti mingapi imeguswa.

Ila kama mkorosho unanyauka upande mmoja, majani yanakauka yakiwa bado mtini, usibebe mizizi wala udongo. Unaweza kuwa mnyauko fusari, ulioonekana kwanza kijiji cha Magawa, Mkuranga, mwaka 2012, na unasafiri na udongo kwenye jembe na viatu. Huo waite waje wao. Osha jembe, na usilime shamba la jirani siku hiyo.

Na kopo la dawa uliyopuliza mara ya mwisho njoo nalo, hata kama ni tupu. Jina lililoandikwa pale ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.